Kutoka Gari la Moshi hadi Tovuti: Mzigo wa Habari katika Njia ya Voi

Watu wa pwani walipoliona chombo kile kilichoanza kutambaa juu ya vyuma kutoka Mombasa mwaka 1896, hawakukiita kwa mwendo wake wala kwa nguvu zake. Walikiita gari la moshi. Jina hilo lafaa kutazamwa kwa makini, kwani linataja kwanza kile ambacho mwenye chombo angependa kisitajwe, yaani taka yake. Aliyesema "gari la moshi" alikiri, atake asitake, kwamba kuna kitu kinachoungua.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye chombo kingine kimelazwa katika njia ile ile. Hiki hakina moshi unaoonekana, na msamiati tuliokitungia nao hauna moshi: twasema tovuti, twasema mtandao, twasema kwamba kazi zetu zimehifadhiwa katika wingu. Makala haya yanakusudia kufuata historia ya kipande kimoja cha njia, kile kitokacho Taru kupita Maungu hadi Voi pamoja na tawi lake la Taveta, ili kuonyesha jinsi habari ilivyobebwa hapo kwa nyakati mbalimbali na kile ambacho ubebaji huo uliitoza ardhi. Hoja yetu ni kwamba tovuti za vyuo vikuu, ambazo hudhaniwa kuwa hazina uzito, ni mzigo mwingine katika mfululizo wa mizigo iliyopita hapo. Kilichobadilika ni kwamba anayeupakia hamwoni tena anayeubeba.

Misafara

Kabla ya reli, habari ilikwenda kwa kichwa na kwa mguu. Misafara ya pwani iliyoelekea Taveta na Uchaga ilikata nyika ya Taru, ambako maji yalipatikana katika mashimo ya miambani yaitwayo ngurunga, na mvua ikikosa, mashimo hayo yalikuwa makavu. Baada ya hapo msafara ulitafuta maji ya Maungu, kisha ukapumzika chini ya milima ya Taita. Mzigo wa mpagazi mmoja kwa kawaida ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 30 hivi, mbali na chakula chake na kibuyu chake. Barua zilisafiri pamoja na shanga na vitambaa, wala hazikuwa na njia yao peke yao. Johannes Rebmann, aliyefika Kasigau mwaka 1847 na kuuona Kilimanjaro mwezi Mei 1848, alieleza habari za theluji iliyo karibu na Ikweta katika maandishi yaliyopita njia hiyo hiyo ya miguu na ya vyombo vya bahari, yakafika Ulaya na kubishiwa na wanajiografia waliokuwa wamekaa vitini mwao London.

Mzigo ule ulikula nini? Ulikula maji ya ngurunga, ulikula mahindi, ndizi na maharage ambayo Wataita na Wataveta waliwauzia wasafiri, na ulikula miili ya wapagazi. Hatusemi kwamba zama hizo zilikuwa njema. Twasema tu kwamba mahesabu yake yalikuwa wazi: mwenye mali aliwaona wabebaji wake, na mwenyeji aliyeuza chakula alijua ni debe ngapi zimetoka ghalani.

Kuni, maji na waya

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Mto Tsavo mwaka 1898, Nairobi mwaka 1899, na Ziwa Viktoria mwezi Desemba 1901. Simba wawili wa Tsavo wamesimuliwa hadi wamechosha, kuni hazikusimuliwa. Ilhali mashine za mvuke zilihitaji vitu viwili kila siku, kuni na maji, navyo vilikuwa haba katika nyika ile. Wakati wa ujenzi maji yalipelekwa kwa mabehewa hadi Taru. Kuni zilikatwa kandokando ya njia, na huko juu katika nyanda za baridi serikali ya kikoloni ikaanza kupanda mikalitusi kwa ajili ya kulisha mashine hizo. Hivyo mti wa kigeni ulioenea leo katika vilima vingi vya Kenya una nasaba yake katika tanuri la gari la moshi, na hata katika milima ya Taita mikalitusi imesimama mahali palipokuwa na msitu wa asili.

Sambamba na reli zilinyoshwa nyaya. Hapa lugha inatufundisha jambo. Neno simu, lililotufikia kutoka Kiajemi, asili yake ni waya. Na katika miaka ya mwanzo "kupiga simu" kulimaanisha kupeleka taarifa ya maandishi kwa waya, kabla sauti ya binadamu haijapita humo. Kwa hiyo neno hilo, kama gari la moshi, lilibeba ndani yake kitu chenyewe: shaba, chuma, na nguzo zilizokatwa msituni. Mtu wa Voi aliyetazama dirishani aliiona habari ikipita, au walau aliona kile ilichopita juu yake.

Vita vya 1914 vilizidisha kasi ya mambo. Wajerumani waliuteka mji wa Taveta mwezi Agosti mwaka huo; mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga tawi la reli kutoka Voi kwenda Maktau na Mbuyuni; tarehe 12 Februari 1916 wakashindwa katika kilima cha Salaita, na mwezi uliofuata wakaurudia mji wenyewe. Tawi hilo likaendelezwa hadi Kahe na kuungana na reli ya Kijerumani iliyotoka Tanga. Halikujengwa kwa manufaa ya Wadawida, Wasaghala wala Wataveta. Lilijengwa kwa sababu makao makuu yaliyo mbali yalihitaji kupeleka askari, maji na amri, na nchi iliyokuwa katikati ikatoa njia. Tutauona tena mtindo huu.

Yaliyofuata twaweza kuyapita haraka. Mashine kubwa 34 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilizoundwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, zilichoma mafuta badala ya kuni. Bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Na mwaka 2017 reli mpya ikapita Voi juu ya tuta refu. Moshi uliendelea kupungua machoni. Mwaka 1948 ilianzishwa Mbuga ya Taifa ya Tsavo, na leo kiasi cha asilimia 62 ya eneo la Taita Taveta iko ndani ya hifadhi za wanyama. Tarakimu hii ni muhimu kwa mjadala wetu, maana katika nchi ambayo wenyeji wamebakiwa na sehemu ndogo ya ardhi yao, kila mzigo mpya huangukia mahali pembamba.

Mkongo

Hadi mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setelaiti, ikawa ghali na ya polepole. Mwaka huo nyaya mbili za baharini zilitua Mombasa: TEAMS, itokayo Fujairah katika Falme za Kiarabu, na SEACOM, mwaka 2010 ikafuata EASSy. Nyaya hizi si za shaba bali za kioo, nazo hupitisha nuru. Watanzania wameupa uti wao wa mawasiliano jina la mkongo, nasi twaliazima hapa. Kutoka Mombasa mkongo ulielekea bara, na ulipita wapi kama si Taru, Maungu na Voi? Ulifuata njia ya misafara na ya reli, kwa sababu ile ile ya kale: hakuna njia nyingine fupi baina ya bandari na nyanda za juu. Vyuo vikuu vilikuwa vimekwisha jipanga. Mwaka 1999 vilianzisha KENET, mtandao wa elimu na utafiti unaoviunganisha hadi leo.

Kisha Voi yenyewe ikapata chuo kikuu. Taita Taveta, ambacho hapo awali kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilipewa hati yake kamili mwaka 2016. Kinafundisha, pamoja na mengine, uhandisi wa madini, jambo linaloelekea katika wilaya iliyolipa ulimwengu kito cha kijani kinachoitwa kwa jina la Tsavo. Kule juu Wundanyi, Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo chake cha utafiti, ambako hupimwa misitu, hewa na mvua, na vipimo hivyo husafiri hadi Ufini. Hivyo mahali palipokuwa kituo cha kupita pamekuwa pia chanzo cha habari.

Uzito wa ukurasa

Tovuti ya kwanza duniani iliandikwa na Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ikafunguliwa kwa watu mwaka 1991. Ilikuwa maandishi matupu. Kusudi lake lilikuwa la kichuo hasa: watafiti wasomeane kazi zao. Ni vema kukumbuka jambo hili, kwa kuwa vyuo vikuu havikuvamiwa na tovuti kutoka nje. Tovuti ilizaliwa kwao.

Tangu hapo ukurasa umenenepa. Upimaji wa HTTP Archive ulipoanza mwishoni mwa 2010, ukurasa wa katikati, yaani ule ambao nusu ya kurasa ni nzito kuliko huo na nusu ni nyepesi, ulikuwa na karibu nusu megabaiti. Kufikia 2024 ulikuwa umezidi megabaiti mbili na nusu. Maneno hayakuongezeka mara tano. Kilichoongezeka ni picha zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa, video zinazoanza bila kuombwa, aina za herufi zinazoletwa kutoka mbali, na programu ndogo zinazomchunguza msomaji. Makala haya unayosoma, yakiandikwa kwa herufi tupu, hayafiki kilobaiti 20. Yakipigwa picha na kuwekwa tovutini kama zinavyowekwa ratiba nyingi za mitihani na matangazo mengi yenye mhuri, yataweza kuzidi megabaiti kadhaa, na mtu asiyeona hataweza kusomewa na simu yake hata neno moja.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme wanafunzi 3,000 wafungue ukurasa wa megabaiti 2.5 mara moja kila siku kwa siku 30. Jumla ni gigabaiti 225. Ukurasa huo ukipunguzwa hadi kilobaiti 50, ambazo zatosha kabisa kwa ratiba, ada na anwani, jumla inashuka hadi gigabaiti 4.5. Tofauti yote hiyo imebebwa na mkongo, minara, seva na betri za simu, bila kumwongezea mwanafunzi habari hata moja.

Hapa yafaa kuwa waangalifu. Wako wataalamu wasemao kwamba mitambo ya mtandao hula umeme karibu uleule iwe imejaa au haikujaa, na kwa hiyo si haki kugawa kila gigabaiti gramu zake za hewa ya ukaa. Ni kweli kwa siku moja. Lakini mitambo hujengwa kwa kutazamia mzigo wa kesho. Mzigo ukikua, hununuliwa mitambo mikubwa zaidi, na ile ya zamani hutupwa. Gari la moshi nalo lilichoma kuni hata lilipokwenda na mabehewa matupu. Hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo abiria hawahusiki na kuni.

Kwa kipimo cha dunia, Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba vituo vya data vilitumia terawati-saa 415 za umeme mwaka 2024, yaani asilimia 1.5 ya umeme wote ulimwenguni. Kenya nzima huzalisha terawati-saa 13 au 14 kwa mwaka. Vituo hivyo basi vilikula kiasi cha Kenya 30. Sehemu ya vyuo vikuu katika shibe hiyo ni ndogo, na sehemu ya Voi ni chembe. Lakini kuna jambo la ajabu katika hesabu hii. Umeme wa Kenya hutokana kwa sehemu kubwa na mvuke wa ardhini, maji na upepo, tangu mtambo wa kwanza wa Olkaria wa megawati 15 ulipowashwa mwaka 1981; ingawa huku pwani mitambo ya Kipevu imekuwa ikichoma mafuta mazito. Chuo kinachoweka tovuti yake katika seva zilizo nchini, kama vile zile ambazo KENET huwapa wanachama wake, kinawasha taa yake kwa umeme ulio safi kuliko wa nchi nyingi tajiri. Kinachoipeleka ng'ambo kwa sababu bei ni rahisi huenda kinachoma makaa ya mawe ya watu wengine. Sijasikia mara nyingi suala hili likiulizwa wakati tovuti ya chuo inapotengenezwa. Huulizwa rangi.

Tena kuna simu. Sehemu kubwa ya madhara ya simu kwa mazingira hutokea kabla haijanunuliwa, katika machimbo na viwandani. Simu inayodumu miaka sita ni nafuu kwa dunia kuliko simu mbili za miaka mitatu. Ukurasa mzito unaishinda simu ya zamani. Mwenyewe huamini kwamba simu imezeeka, kumbe ukurasa ndio ulioongezewa mizigo. Mwanafunzi wa Mwatate au wa Kasigau anayetafuta nafasi ya chuo hana hiari katika hili, kwa kuwa siku hizi maombi ya kujiunga na vyuo vikuu vya umma hupitia mtandaoni. Ananunua bando la siku, na sehemu ya bando hilo inamlipia picha ya lango la chuo ambayo hakuiomba. Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na masomo yakahamia mtandaoni, wanafunzi wengi walilijua jambo hili kwa mifuko yao.

Maneno yanayoficha na maneno yanayokumbuka

Turudi katika lugha, ambayo ndiyo kazi ya jarida hili. Tumesema kwamba tovuti na wingu ni maneno yasiyo na moshi. Wingu, hasa, ni tafsiri tuliyoipokea pamoja na ndoto ya wenye kuiuza: kwamba data inaelea. Haielei. Imekaa katika jengo lenye mlango, seva, feni, jenereta, na mara nyingi mabomba ya maji ya kupoza mitambo. Kwa msemaji wa Kiswahili anayeishi chini ya milima ya Taita, jina hili lina kejeli yake. Wingu la kweli hutoka Bahari ya Hindi, likagonga Vuria na Ngangao, na miti ya msitu ikalikamua umande. Maji hayo ndiyo yanayolisha vijito na Mto Voi. Wingu hilo hutoa maji. Lile lingine hunywa. Na msitu unaolikamua wingu la kweli umebaki vipandevipande, Mbololo, Chawia, Ngangao na vinginevyo, juu ya vilele.

Walakini Kiswahili hakikusahau kila kitu. Tulipohitaji maneno ya kupeleka na kuchukua faili, hatukwenda mbali. Tulisema kupakia na kupakua. Ni maneno ya jahazi na ya msafara. Kupakia ni kutia shehena chomboni, na nahodha anajua kwamba kila kinachopakiwa kinakishusha chombo majini. Kupakua ni kuishusha shehena hiyo. Jikoni pia ni kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini, na apakuaye huona chungu kikipungua. Mtandao nao, kwa mzizi wake wa kutanda, unatukumbusha kitu kilichonyoshwa juu ya kitu kingine: hakuna kinachotanda pasipo mahali pa kutandia. Laiti mtengenezaji wa tovuti ya chuo angelisikia neno kupakia kwa masikio ya baharia, angeuliza kabla ya kila picha: je, hii nayo ipande?

Kasigau

Imebaki sehemu moja ya habari hii, nayo ndiyo inayoirudisha Voi katikati ya mjadala. Baina ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, mwendo mfupi kutoka Voi, kuna ranchi za Rukinga na nyinginezo chini ya mlima Kasigau, mlima ule ule alioufikia Rebmann. Huko kampuni ya Wildlife Works inaendesha mradi wa kuhifadhi zaidi ya hekta 200,000 za msitu mkavu usikatwe kwa makaa na mashamba. Mwaka 2011 mradi huu ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kupewa hati za kaboni chini ya kanuni za VCS, na hati hizo zimenunuliwa na benki na makampuni ya nchi za mbali yanayotaka kusema kwamba shughuli zao, pamoja na seva zao, haziichafui anga. Fedha zimejenga madarasa na kulipa karo za watoto wa vijiji vya jirani. Aidha, mwezi Novemba 2023 shirika la SOMO la Uholanzi pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo si ya serikali, walitoa ripoti iliyoeleza madai ya unyanyasaji wa kijinsia dhidi ya baadhi ya wafanyakazi wa mradi. Mambo yote mawili ni sehemu ya historia ya mahali hapa, wala moja halifuti jingine.

Kwa mwanahistoria wa njia ya Voi, mpango huu una sura aijuayo. Zamani gari la moshi lilikata kuni hapa ili habari iende mbele. Sasa kuni zinaachwa zisimame ili habari iendelee kupita mahali pengine, na anayeombwa asikate ni yule yule mwenyeji wa nyikani ambaye ndiye mwenye bando dogo kuliko wote. Tena kuna kanuni ya kihasibu isiyofahamika sana. Hati ya tani moja ya kaboni ikishanunuliwa na kufungwa kwa jina la mnunuzi, haihesabiwi tena kwa mtu mwingine yeyote. Chuo kikuu kilicho Voi kikitaka kesho kupima uzito wa tovuti yake na kuufidia, hakiwezi kuitaja miti ya Kasigau ambayo hati zake zimekwisha kufungwa, ijapokuwa mlima wenyewe wauona siku isiyo na ukungu.